Virusi Vipya, Mashine Iliyogandishwa: Historia ya Majaribio ya Antivairasi Ikitazamwa kutoka Kimana

Jumanne ni siku ya soko Kimana, Kajiado, nchini Kenya. Malori ya nyanya na vitunguu kutoka mashamba ya umwagiliaji hujipanga kando ya barabara ya Emali–Oloitokitok, wafugaji huleta mbuzi na ng'ombe, na saiba za mji hujaa kuliko siku nyingine yoyote ya juma. Mwalimu anachapisha fomu. Kijana anayetafuta kazi ana CV kwenye flashi. Mzee anataka kujaziwa ritani za kodi za KRA. Flashi moja inaweza kupita mashine tatu kabla ya adhuhuri. Na mwenye saiba, aliyelipia antivairasi yenye boksi lililoandikwa asilimia 99, anauliza swali ambalo wenzake kote Kajiado wameliuliza kwa muda mrefu: mbona virusi bado vinaingia?

Jibu langu ni kwamba ile asilimia 99 kwa kawaida ni ya kweli. Tatizo ni mashine iliyopimwa. Kirusi huwa kipya au kikuukuu kulingana na siku ambayo mashine inayokipokea ilisasishwa mara ya mwisho, na maabara zinazotoa alama hizo hutumia mashine zilizosasishwa leo asubuhi. Ili kuelewa hali hii ilivyotokea, inafaa turudi nyuma karibu miaka 40.

1986–1993: Wakati virusi vilikuwa vya kuhesabika

Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu iliyoitwa Brain, ambayo ilijinakili kutoka disketi moja hadi nyingine. Huhesabiwa kuwa kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya IBM PC. Miaka michache baadaye biashara ya kuvipinga virusi ilikuwa imeshasimama: John McAfee huko Marekani, Alan Solomon huko Uingereza, na wengine wengi. Mbinu yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Unapata nakala ya kirusi, unachagua kipande cha msimbo ambacho hakipatikani kwingine, unakiandika kwenye orodha kama saini, kisha programu yako inatafuta kipande hicho katika kila faili.

Udhaifu wake ulionekana mapema. Mmarekani Fred Cohen, aliyetoa utafiti wake wa kwanza juu ya virusi mwaka 1984, alionyesha kwa hesabu kwamba haiwezekani kuunda programu inayotambua kila kirusi bila kukosea. Mtu akikupa programu inayodai kujua yote, unaweza kuandika kirusi kinachoiuliza programu hiyo, "Je, mimi ni kirusi?" kisha kikafanya kinyume cha jibu lake. Hivyo basi, kabla maabara yoyote haijaanza kutoa alama, ilikwishajulikana kwamba 100 ya kweli haipo.

Hata hivyo watu walihitaji namna ya kulinganisha bidhaa. Jarida la Virus Bulletin lilianza Uingereza mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Hamburg kikawa na kituo cha kupima virusi. Njia ilikuwa moja: kusanya virusi vyote ulivyo navyo, ipitishe antivairasi juu ya mkusanyiko huo, hesabu ilivyokamata. Wakati virusi vipya vilikuwa vichache kwa mwezi na vilisafiri kwa disketi mkononi mwa mtu, njia hiyo ilitosha. Kirusi kilichotokea Sofia, Bulgaria, kilichukua miezi kufika Nairobi, na saini yake mara nyingi ilitangulia.

Enzi hiyo ilituachia kitu kimoja ambacho mafundi wa Kajiado wanakitumia hadi leo: faili la EICAR. Ni mstari wa herufi 68 tu, hauna madhara, na kampuni zote zilikubaliana kuukamata kana kwamba ni kirusi. Fundi huuandika kwenye Notepad, akauhifadhi, na antivairasi ikipiga kelele anamwambia mteja kazi imekwisha. Anachokuwa amethibitisha ni kwamba programu imewekwa na inafanya kazi. Kuhusu kirusi kilichoandikwa jana usiku, hajathibitisha chochote.

1993–2003: Orodha ya Joe Wells

Mikusanyiko ya maabara ilizidi kujaa virusi ambavyo havijawahi kumdhuru mtu yeyote, vingine vimeandikwa na wanafunzi kwa kujionyesha. Mwaka 1993 mtafiti Joe Wells alianzisha WildList, orodha ya virusi vilivyoonekana kweli katika mashine za watu. Ili kirusi kiingie katika orodha kuu, ilibidi kiripotiwe na watu wasiopungua wawili. Mwaka 1998 Virus Bulletin ikaanza kutoa nishani ya VB100 kwa antivairasi iliyokamata kila kirusi cha WildList bila kusingizia hata faili moja safi.

Ilikuwa hatua kubwa ya uaminifu, nami naiheshimu. Lakini orodha iliyosubiri ripoti mbili, ikahaririwa, ikachapishwa kwa mwezi, ilikuwa lazima iwe nyuma ya wakati. Kirusi kikifika kwenye WildList, kampuni zote zilikuwa zimekwisha kukiona. Nishani ilipima kama kampuni imefanya kazi yake ya mwezi uliopita. Na walioripoti walikuwa zaidi watu wa kampuni za usalama na mashirika makubwa, kwa hivyo kilichokuwa kikizunguka kwenye flashi za miji midogo ya Afrika Mashariki hakikuwa na njia rahisi ya kuingia humo.

Kisha intaneti ikavunja hesabu zote. Tarehe 4 Mei 2000 barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU ilitoka Ufilipino na kuizunguka dunia kwa saa chache, kabla saini hazijafika kwa watu. Tarehe 25 Januari 2003 Slammer iliambukiza seva 75,000 hivi, na asilimia 90 ya zilizoweza kuambukizwa zilishikwa ndani ya dakika 10. Hakuna kampuni inayoweza kuandika saini kwa dakika 10. Andreas Marx wa AV-TEST, maabara ya Magdeburg nchini Ujerumani, alianza kupima kitu ambacho hakikuwa kimezoeleka: tangu kirusi kitokee hadi sasisho litoke, saa ngapi zimepita? Kampuni zenye kasi zaidi zilichukua saa sita hadi nane. Nyingine zilipitisha siku nzima.

2004–2007: Programu inapogandishwa

Hapa ndipo panaponivutia kuliko pengine pote katika historia hii. Mjini Innsbruck, Austria, Andreas Clementi na wenzake wa AV-Comparatives walikuwa wanatafuta njia ya kupima virusi vipya bila kuviumba wenyewe. Suluhisho lao lilikuwa kugandisha antivairasi. Walichukua programu ikiwa na masasisho yake yote hadi siku fulani, wakaifunga isipokee kitu tena, kisha wakaitupia virusi vilivyojitokeza baada ya siku hiyo. Saini zilizokuwa ndani hazingeweza kuvijua. Kilichobaki ni uwezo wa programu kubaini kwa tabia na umbo kwamba kitu fulani si cha kuaminika.

Matokeo yalikuwa ya kushtua. Bidhaa zilizokuwa zikipata asilimia 95 hadi 99 kwenye majaribio ya kawaida zilianguka. Hata zilizo bora kabisa zilikuwa chini sana ya hapo, na nyingi hazikufika nusu. Mwaka 2006 jarida la Marekani la Consumer Reports likaenda mbali zaidi: liliwaajiri wataalamu watengeneze aina 5,500 za virusi kwa kubadilisha vilivyokuwepo, likazipima antivairasi nazo. Kampuni ziliwaka. Zilisema ni hatari kuumba virusi, na kwamba kirusi cha maabara si kirusi cha mtaani. Katika hoja ya kwanza walikuwa na haki. Lakini Consumer Reports walikuwa wameuliza swali ambalo mnunuzi hulipa pesa ili lijibiwe.

Kampuni zililalamikia jaribio la kugandisha pia. Nani, waliuliza, anatumia antivairasi ambayo haijasasishwa kwa wiki au miezi? Huko Innsbruck au Boston swali hilo lilikuwa na uzito. Huku kwetu lilikuwa na jibu.

2002–2014: Flashi, bando na mashine zisizobadilika

Kompyuta zilifika sehemu kama Kimana zikiwa na umri. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza 2002, lilikarabati mashine zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Wafanyabiashara nao walileta zao kutoka Nairobi na baadaye Kitengela. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa katikati ya 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na bei ya intaneti haikuruhusu mtu kupakua masasisho ya antivairasi kila siku kwa mashine sita. Hata baada ya nyaya, Kimana ilifikiwa kwa mtandao wa simu, na data ilinunuliwa kwa bando. Mwenye saiba aliyekuwa na busara ya biashara alizima masasisho ya Windows. Kila megabaiti iliyokwenda kwenye sasisho ilikuwa megabaiti isiyolipiwa na mteja.

Tatizo jingine lilikuwa leseni. Kulingana na muungano wa kampuni za programu, BSA, mwaka 2013 asilimia 78 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. Antivairasi ya bure ya Microsoft, Security Essentials, ilitaka Windows halali. Kwa mashine nyingi mlango huo ulikuwa umefungwa tangu mwanzo.

Kilichozuia saiba nyingi zisifungwe kabisa ni programu ya Deep Freeze, ya kampuni ya Faronics ya Kanada. Inagandisha hali ya mashine kama ilivyokuwa siku ulipoiwasha programu hiyo. Mteja akiweka mchezo, akifuta faili, akileta kirusi, yote huyeyuka mashine ikizimwa na kuwashwa. Kwa mwenye saiba ni neema kubwa, na sina lawama kwa aliyeichagua. Lakini sasisho la antivairasi nalo ni badiliko. Limepakuliwa saa nne asubuhi, limemaliza bando, na jioni umeme ukikatwa limepotea. Kuna njia ya kupanga muda wa matengenezo ili masasisho yabaki, lakini kwa kawaida hupangwa usiku, mashine ikiwa imewaka na ina intaneti, na huo ndio muda ambao saiba imefungwa na swichi kuu imezimwa. Matokeo yake ni kwamba mashine ya 2013 ilikuwa na antivairasi iliyoganda tarehe ambayo fundi alikuja mara ya mwisho. Jaribio ambalo kampuni zililiita lisilo la kweli lilikuwa linafanyika kila siku, bila mtu kuandika matokeo.

Na mashine ikirejea usafi wake, flashi haikurejea. Ilibeba kirusi kutoka saiba hadi ofisi ya shule, kutoka shule hadi kwa chifu. Conficker, iliyotokea Novemba 2008, ilitumia njia hiyo pamoja na tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba mwezi mmoja kabla. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia flashi kujiendesha yenyewe kwenye XP na Vista, na maambukizi ya aina hiyo yakapungua duniani. Kwenye mashine iliyozimiwa masasisho, hapakubadilika kitu.

Halafu kikaja kile ambacho wateja waliita kirusi cha shotikati. Unachomeka flashi, unaona folda zako zote zimegeuka vijia vya mkato vyenye ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Ukibofya kimoja, folda yako inafunguka kama kawaida ili usishtuke, na chinichini skripti fupi inajinakili kwenye mashine. Faili halisi zipo palepale, zimefichwa. Antivairasi ikikikamata ilifuta vijia na kuziacha faili mafichoni, na mwanafunzi wa chuo akaapa kwamba antivairasi imekula kazi yake ya muhula mzima. Mafundi wakajifunza amri moja kwa moyo, attrib -h -r -s /s /d, wakaiandika kwenye skrini nyeusi na faili zikarudi. Walitoza pesa kidogo kwa kazi hiyo, na walistahili zaidi. Skripti yenyewe ilikuwa maandishi matupu. Mtu yeyote aliweza kubadilisha majina na mpangilio, na saini ya jana ikawa haina kazi. Kilikuwa kirusi kipya kila wiki, kwa mbinu ileile.

2008–2013: Wingu na mabishano ya namba

Wakati huohuo maabara zilikuwa zinaelekea upande mwingine. Mwaka 2008 wapimaji na kampuni waliunda chama cha AMTSO ili kukubaliana kanuni za majaribio. Karibu na wakati huo kampuni kama Trend Micro, McAfee na Panda zilianza kuhamisha akili ya antivairasi kwenye wingu: mashine inapokutana na faili geni inauliza seva za kampuni kwa sekunde chache na kupata hukumu. AV-Comparatives na AV-TEST nazo zikaanza majaribio yanayofuata njia halisi ya maambukizi. Mashine yenye Windows iliyozibwa matundu yote, iliyounganishwa na intaneti muda wote, inafungua kiungo kibaya kilichogunduliwa saa chache zilizopita, na mpimaji anaangalia kama ulinzi wowote, kuanzia kwenye kivinjari hadi kwenye tabia ya programu, umeizuia. Antivairasi husasishwa kabla ya kupimwa. Jaribio la kugandisha likapoteza nafasi yake polepole, na hatimaye likaachwa.

Kwa mtu wa Kitengela mwenye faiba nyumbani, hili ndilo jaribio linalomfaa. Alama zilipanda tena, 97, 99, 99.5. Lakini ziangaliwe kwa makini. Jaribio la aina hiyo hutumia visa mia kadhaa, huku AV-TEST yenyewe ikisema husajili zaidi ya programu hasidi na zisizotakikana 450,000 mpya kwa siku. Katika visa 400, tofauti kati ya asilimia 99.5 na 99 ni visa viwili. Kampuni hujenga tangazo zima juu ya visa viwili hivyo.

Miezi ya mwisho ya 2012 ilileta ubishi ambao bado haujaisha. Kampuni ya Imperva ilichukua virusi vipya 82, ikavipitisha kwenye antivairasi zaidi ya 40 kupitia huduma ya mtandaoni ya VirusTotal, ikatangaza kwamba mwanzoni vilitambuliwa kwa chini ya asilimia 5. VirusTotal ilikuwa imeshaonya kwamba huduma yake haifai kulinganisha antivairasi, kwa sababu haitumii ulinzi wa tabia uliomo kwenye programu kamili. Onyo hilo lilikuwa sahihi, na namba ya Imperva ilikuwa ya chini mno. Lakini Januari 2013 gazeti la New York Times likaeleza jinsi lilivyodukuliwa: programu hasidi 45 zilizotengenezwa maalumu, na antivairasi ya Symantec iliyokuwa kazini ilikamata moja.

Mwezi huohuo Microsoft ilijibu AV-TEST. Security Essentials ilikuwa imekosa cheti, ikizuia takriban asilimia 71 ya mashambulizi ya siku sifuri, yaani mapya kabisa, huku wastani wa bidhaa nyingine ukiwa 92. Microsoft ilisema imechunguza taarifa zinazotumwa na mashine za wateja wake na kukuta kwamba asilimia 94 ya sampuli zilizokosekana hazikumgusa mteja wake hata mmoja, na kwamba walioguswa na zilizobaki walikuwa asilimia 0.0033 tu. Hoja hiyo ina nguvu. Sampuli moja ya maabara huhesabiwa sawa na nyingine, hata kama moja imeambukiza milioni na nyingine watatu. Lakini Microsoft ilihesabu mashine zinazowasiliana nayo. Mashine yenye Windows isiyo halali, bila intaneti nusu ya mwezi, haimo katika maabara ya Magdeburg wala katika takwimu za Microsoft. Wapimaji wawili waligombana juu ya mteja, na mteja wa Kimana hakuwa upande wa yeyote.

2009–2018: Maabara ya upande wa pili

Kulikuwa na jaribio moja ambalo halikutoa nishani, na huenda ndilo lililokuwa na athari kubwa kuliko yote. Kuanzia 2009 huduma iliyoitwa Scan4You iliwauzia wahalifu uwezo wa kupitisha kirusi chao kwenye antivairasi nyingi kwa pamoja kabla ya kukiachia. VirusTotal huzigawia kampuni kila sampuli inayopokea. Scan4You iliahidi kutogawa kitu. Mhalifu alipima, akakuta antivairasi kadhaa zinamkamata, akabadilisha msimbo, akapima tena hadi matokeo yakawa sifuri. Ruslans Bondars, mmoja wa walioiendesha kutoka Latvia, alikamatwa 2017 na kuhukumiwa Marekani miaka 14 gerezani mwaka 2018.

Hili linaeleza kwa nini alama ya jana haitabiri kesho kwa urahisi. Katika ufugaji, ugonjwa wa midomo na miguu hausomi ripoti ya chanjo kabla ya kuingia bomani. Mwandishi wa kirusi anaisoma. Antivairasi inayoongoza sokoni ndiyo ya kwanza kupimwa na adui.

Nazo kampuni hazikuwa malaika. Mwaka 2015 maabara tatu kubwa, AV-Comparatives, AV-TEST na Virus Bulletin, ziliivua kampuni ya Kichina ya Qihoo 360 vyeti vya mwaka huo baada ya kubaini kwamba toleo ililopeleka kupimwa lilikuwa limewashiwa injini ya kampuni nyingine, Bitdefender, wakati watumiaji wake wengi walikuwa na toleo ambalo injini hiyo imezimwa.

2017: Ijumaa ya WannaCry

Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry ilizishika hospitali za Uingereza na mashine katika nchi zaidi ya 100, ikidai fidia. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kupitia kituo chake cha KE-CIRT, ilitoa tahadhari kwa umma. Programu ilikuwa mpya, lakini tundu lililotumika lilikuwa na kiraka cha Microsoft tangu tarehe 14 Machi. Aliyesasisha alikuwa salama hata kama antivairasi yake ililala.

Kisha ikatokea bahati. Mtafiti Mwingereza Marcus Hutchins alisajili anwani ya tovuti iliyokuwa imefichwa ndani ya kirusi. WannaCry ilikuwa ikijaribu kufikia anwani hiyo kwanza, na ikiipata inajizima. Dunia ikapumua. Lakini mashine iliyoambukizwa na jirani yake ndani ya mtandao wa ofisi, bila njia ya kutoka nje kwenda intaneti, haikuifikia anwani hiyo, na kirusi kiliendelea kufunga faili zake. Dawa ilisafiri kwa intaneti, sawa na wingu la antivairasi. Aliyekosa bando alikosa dawa.

2019 hadi sasa: Simu, na kompyuta zinazozeeka

Leo huduma nyingi zilizowaleta watu saiba, kuanzia eCitizen hadi iTax, zinafunguka kwenye simu, na virusi vimefuata. Mwaka 2019 AV-Comparatives ilipima antivairasi 250 za Android kwa programu hasidi 2,000. Ni 80 tu zilizokamata zaidi ya asilimia 30 bila kusingizia programu safi. Baadhi yake hazikuchunguza chochote: zilikuwa na orodha ya majina yanayokubalika, na kila lisilokuwemo likaitwa hatari. Mhalifu aliyeipa programu yake jina linaloanza na com.adobe alipita, na baadhi ya antivairasi hizo zilijikamata zenyewe kwa sababu mwandishi alisahau kujiandika kwenye orodha. Mwaka 2021 Kaspersky ilikuta programu hasidi ya Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp, mojawapo ya WhatsApp zisizo rasmi zinazopitishwa mkono kwa mkono. Anayepata WhatsApp kwa rafiki badala ya duka la Google ameukwepa mlango wa kwanza wa ulinzi kabla antivairasi haijaulizwa.

Upande wa kompyuta, AV-Comparatives haijausahau kabisa ule uzoefu wa kugandisha. Katika jaribio lake la ulinzi dhidi ya programu hasidi huchapisha, miongoni mwa nyingine, safu mbili: kiasi kinachokamatwa mashine ikiwa na intaneti, na kiasi kinachokamatwa bila intaneti. Katika safu ya pili baadhi ya majina makubwa hushuka kutoka zaidi ya 99 hadi chini ya 80, huku mengine yakibaki juu ya 90. Mwenye saiba wa Kimana, mwalimu wa shule ya bweni iliyo mbali na barabara, na zahanati inayowasha modemu mara mbili kwa siku wanafaa kuanza kusoma hapo. Na kwa kuwa bila intaneti kirusi cha wiki iliyopita kingali kipya, swali la pili ni kama kampuni inatoa faili la masasisho linaloweza kupakuliwa mara moja, likabebwa kwa flashi safi na kuingizwa kwenye kila mashine. Baadhi hutoa, na hazilitangazi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuiziba Windows 10 matundu. Ilisema Defender itaendelea kupokea masasisho ya virusi hadi Oktoba 2028. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo mashine nyingi zilizokarabatiwa na kuuzwa kati ya Kitengela na Oloitokitok hazina. Kwa hiyo kwa miaka mitatu mashine hizo zitakuwa na antivairasi inayojua virusi vya leo juu ya mfumo wenye matundu yasiyozibwa, mradi data ipo, huku mashine za maabara zikiwa zimezibwa yote kabla ya jaribio kuanza.